Pamba Bwawani kwa Shangazi Sikudhani

Wiki iliyopita mjukuu wangu alitoa mkate uliosahaulika kwenye kopo nyuma ya kabati, akapiga kelele kana kwamba ameona panya. Mkate ulikuwa umeota manyoya meupe. Alitaka kuutupa pamoja na kopo lake. Nikamwomba anipe kwanza niunuse. Alinitazama kama vijana wanavyowatazama wazee walioanza kupotea, lakini akanipa. Harufu ile! Ni harufu ya udongo uliokaa chini ya mtungi, harufu ya makumbi ya nazi yaliyolowa yakakosa jua. Nikacheka peke yangu pale jikoni, nikajikuta nina umri wa kuota meno ya mbele kwa mara ya pili, nimechuchumaa juu ya karai la maji, macho nimeyakodoa, natafuta yai jeupe.

Ngoja nikueleze, maana watoto wangu wameshachoka kunisikiliza.

Siku za Mwingereza, Temeke ilikuwa minazi na mikorosho, nyumba moja huku na nyingine kule. Baba yangu alikuwa seremala pale. Dada yake, Shangazi Sikudhani, aliolewa Pugu, chini ya vilima, na mtu mmoja mpole aitwaye Mbonde. Mbonde akafariki. Eda ilipokwisha, baba akaona si vyema dada yake alale peke yake katika nyumba ile, kwa kuwa hakujaliwa mtoto. Akanipakia kwenye baiskeli na mkeka wangu, akanipeleka nikakae naye. Ndivyo ilivyokuwa zamani. Mtoto hakuulizwa, na mie sikulia, kwa sababu Shangazi alikuwa na sifa ya kupika maandazi makubwa.

Sikuambiwa kwamba ningekwenda kuwa mkunga wa samaki.

Nyuma ya nyumba ya Shangazi, iliyosilibwa kwa udongo mweupe wa Pugu, ardhi ilishuka hadi kwenye kibonde chenye chemchemi. Hapo marehemu Mbonde alichimba bwawa, akaweka kambale wakubwa wenye sharubu. Watu walimcheka. Samaki huvuliwa, walisema, nani kasikia samaki anapandwa? Lakini Mbonde alikuwa amezungumza na Bwana Gidioni, kijana wa bara aliyeajiriwa na serikali kuhimiza watu wachimbe mabwawa, ambaye sote tulimwita Bwana Samaki. Watu kadhaa walishakubali kuchimba, kuanzia Yombo hadi kule Kisarawe. Tatizo lilikuwa moja: vifaranga vya kuweka humo havikuwepo. Anayeweza kuangua mayai ya kambale angekuwa na wateja hadi achoke. Mbonde alikufa kabla hajajaribu. Shangazi akasema kazi ya mumewe haitazikwa naye.

Kambale ana tabia ya ajabu. Kiangazi chote hulala kwenye tope kama mgonjwa. Mvua ya kwanza kubwa ikipiga, bwawa likafura na kupanda hadi kwenye majani makavu ya ukingoni, wazimu humpanda. Huingia kwenye majani usiku, dume na jike, wakapigapiga mikia. Masika yale, kulipokucha tulikuta mayai yameganda kila mahali, madogo kama ulezi, rangi ya kijani iliyochanganyika na hudhurungi, yanang'aa. Ukiyaacha humo, vyura na wadudu, hata kambale wenyewe, huyamaliza. Kwa hiyo Shangazi alikuwa ametandika makumbi ya nazi ukingoni, mayai yakanasa kwenye nyuzi zake, nasi tukayahamishia kwenye makarai chini ya kibanda cha makuti.

Nakumbuka jinsi tulivyojipongeza asubuhi ile. Shangazi aliimba. Kesho yake alfajiri nilikimbilia kibandani nikafunua karai la kwanza, nikadhani kuna mtu amefanya mzaha usiku. Makumbi yote yalikuwa yameota pamba. Pamba nyeupe, laini, inayoyumba ndani ya maji kama nywele za bibi kizee. La pili vilevile. Yote.

Habari ilifika kisimani kabla yetu. "Sikudhani kapanda samaki, kavuna pamba!" Wanawake walicheka mpaka ndoo zikamwagika. Mmoja alimshauri akanunue gurudumu la kusokotea uzi. Shangazi aliteka maji yake taratibu, akajitwika, akasema, "Mkitaka kanga za harusi, njooni niwafumie," akaondoka. Nyumbani aliketi kwenye kinu akatazama ukuta. Hakulia. Alikuwa mwanamke mrefu mwenye mikono mikubwa, na kila jambo alilifanya kama mtu mwenye hakika kwamba litakubali.

Jioni ile ndipo alipokuja Mzee Pazi, kaka mkubwa wa marehemu. Alikuwa mkavu, kofia yake ya kiua imekaa wima, na hakuketi hata alipokaribishwa. Nyuma yake walisimama wapwa zake wawili wenye vifua vipana.

"Shemeji," alisema, "bonde hili ni la ukoo. Vijana wanataka walime mpunga. Masika haya ni yako. Yakiisha, samaki waonekane. Wasipoonekana, majembe yataingia."

"Nimesikia, shemeji," Shangazi akajibu.

"Umesikia. Vizuri." Akazunguka kibanda, akachungulia karai lenye pamba, akatikisa kichwa, akaenda zake. Nilimchukia hapo hapo, chuki safi ya mtoto isiyo na mchanga ndani. Tangu siku ile, kila alipopita, nilimwamkia shikamoo huku nimegeuza uso kama mtu aliyekanyaga mwiba.

Bwana Gidioni alipofika na baiskeli yake, alikuwa na maneno mengi na Kiswahili cha kwao. "Mama, hii si uchawi," alisema, akiinua uzi wa pamba kwa kijiti. "Hii inaishi. Ni jamaa ya ukungu, lakini ya majini. Inaanza kwa yai ambaye amekufa. Inakula hiyo, halafu inanyoosha mikono, inakaba jirani yake ambaye ni mzima, hapati hewa, na yeye anakufa. Hivyo hivyo mpaka mwisho." Siku hizi mjukuu wangu ananiambia kuwa wataalamu wamechunguza, si ukungu hasa, umefanana nao tu. Watakavyo na wauite. Sie tuliuita pamba, na ukakubali jina.

Shangazi alikumbuka msemo wa wazee. "Samaki mmoja akioza, wote wameoza."

"Si lazima wote, Mama. Huyo mmoja ukimtoa mapema, bado."

Akampa chupa ndogo yenye unga uliong'aa kama mgongo wa nzi wa chooni. Ilikuwa rangi ya kutilia nguo, alisema, lakini inaua pamba. Akamwonyesha: ncha ya kijiti tu, kwa karai zima, muda mfupi, halafu kumwaga na kuweka maji safi. Kisha akapanda baiskeli kwenda Kisarawe.

Mvua ikapiga tena, kambale wakataga tena. Sasa, Shangazi yangu alikuwa mpishi, na mpishi hodari haamini ncha ya kijiti. Alitia kiasi alichoambiwa, akayatazama maji, akasema, "Haya maji hata hayajajua kama yametiwa kitu," akaongeza. Akaongeza tena, eti hiyo ni nyongeza ya Mungu. Maji yakawa ya kijani kama shuka la watu wa tarika, wale wa dhikiri. Pamba haikuota hata uzi mmoja, ni kweli. Lakini na mayai hayakuanguliwa, ila machache, na vifaranga vilivyotoka vilikuwa vimepinda migongo, vikazunguka kidogo na kutulia chini.

Mikono yetu ikabaki kijani. Tulisugua kwa majivu, kwa mchanga, kwa ndimu. Chuoni, mwalimu wa Kurani alinishika viganja akavigeuza mara mbili, akauliza kwa sauti ya chini kama nyumbani kwa Shangazi hupungwa pepo. Nilimjibu kwa heshima kuwa ni samaki. Aliniachia haraka na kunikalisha peke yangu karibu na mlango.

Dawa ile, nasikia, sasa imekatazwa kwa samaki wa kuliwa, kwa kuwa ina madhara. Basi hasara yetu huenda ilikuwa rehema.

Bwana Gidioni aliporudi akakuta chupa tupu, alikaa chini, akavua kofia. Nilidhani atagomba. Badala yake akaanza kucheka, na Shangazi naye, akitazama mikono yake ya kijani, akacheka mpaka akashika mbavu. Walipomaliza, ndipo walipoanza kufikiri. Hakukuwa na dawa nyingine karibu, na masika yalikuwa yanaelekea ukingoni. Waliketi pale kibandani mchana kutwa, huyu anasema hili, huyu anaongeza lile, mie nawapelekea chai ya mkandaa, isiyo na maziwa.

Bwana Gidioni alisema maji yasisimame, kwa kuwa maji yaliyosimama ndiyo kitanda cha pamba. Shangazi akakumbuka mianzi ya marehemu iliyolala nyuma ya nyumba, tukaipasua, tukatoboa vifundo, tukavuta maji ya chemchemi hadi kwenye makarai, tuliyoyapanga ngazi ngazi, yakawa yanaingia huku na kumwagika kule. Shangazi alisema makumbi ya zamani yana mabaki ya mayai yaliyooza, na chungu kichafu huharibu maziwa mapya. Tukayachemsha, tukayaanika juani mpaka yakakatika kwa ukavu. Badala ya kuyakusanya mafungu mazito, tukayachambua na kuyasuka kwenye fremu za fito, membamba kama chekecheke, maji yapite katikati. Kisha chumvi. Bwana Gidioni alijua chumvi huipunguza nguvu pamba, lakini vipimo vyake vilikuwa vya maabara. Shangazi akatia chumvi ya mawe kwenye ndoo, akaonja, akatia, akaonja, akanionjesha na mie niliyezoea kunywa maji ya bahari kwa bahati mbaya wakati wa kuoga. Tulipokubaliana kuwa ni nusu ya ukali wa bahari, tukaacha.

"Safari hii kipimo ni kipimo, Mama," Bwana Gidioni akasema.

"Safari hii nitakaa juu ya mikono yangu," Shangazi akajibu.

Saa ya mkononi ya Bwana Gidioni ilikuwa imeingia maji ikasimama, kwa hiyo muda wa kuzamisha fremu ndani ya chumvi ukakabidhiwa kwangu. Nilikuwa nimeshahifadhi sura ya Tabaraka. Nikianza sura, fremu inazama. Nikimaliza, inatoka na kurudi kwenye maji yanayokwenda. Bwana Gidioni, Mkristo wa kusali kila Jumapili, baada ya kunisikia mara kadhaa alikuwa anainuka kwenye kigoda kabla ya aya ya mwisho, kwa kuwa alishajua inakaribia.

Mvua ya mwisho kubwa ya masika yale ilinyesha usiku mmoja, na asubuhi fremu zetu zilikuwa zimejaa ulezi wa kijani. Sote watatu tulijua hakutakuwa na nyingine.

Kazi yangu ilikuwa kuokota. Yai zima hupitisha mwanga. Lililokufa hugeuka jeupe kama jicho la mtu mwenye mtoto wa jicho. Nilishika unyoya wa kuku uliochongwa ncha, nikawa nachokoa jeupe moja moja, natupa kwenye kifuu. Macho yangu yalikuwa makali, vidole vidogo, na nitasema bila kujivuna sana kwamba hakuna aliyenishinda. Shangazi alijaribu. Lakini alikuwa akifika kwenye yai lililoanza kupauka, mkono unasita. "Hili bado," anasema. "Hili labda lina uhai." Mwishowe akaniachia unyoya, akashughulika na mianzi.

Adhuhuri maji ya chemchemi yakabadilika. Mvua ilikuwa imebomoa ukingo huko juu, yakaja mekundu, mazito kwa tope, na tope likaanza kutanda juu ya mayai. Shangazi aliruka akaziba mwanzi kwa kitambaa. Sasa maji yamesimama tena. Bwana Gidioni akachukua ndoo akakimbia kwenye kisima cha jirani, na wale wanawake waliocheka pamba, walipomwona mtumishi wa serikali anateka maji huku suruali imemlowa, waliweka ndoo zao chini, wakauliza kuna nini, kisha wakazijaza wakamfuata. Hata yule wa gurudumu la uzi. Tuliyamimina maji polepole juu ya fremu, ndoo baada ya ndoo, kwa kata, tukiyasukuma yaendelee kutembea.

Katika pilikapilika hizo sikuwa nimeitazama fremu ya mwisho, kubwa kuliko zote. Nilipoigeukia, upande wake mmoja ulikuwa umepata pamba. Nyuzi fupi, kama ndevu za kijana, lakini nilijua zinakokwenda. Karibu nusu ya fremu ilishaguswa, na kati ya meupe kulikuwa na ya kijani mengi mno, mazima, na ndani ya baadhi yake nukta ilikuwa inacheza. Unyoya usingeweza tena. Tena fremu ile ilikuwa juu, na maji yake yalikuwa yanamwagikia zote za chini.

"Shangazi, tuikate hii."

Alitazama. "Kuna wazima humo, Tatu."

"Najua."

"Wengi!"

"Wakibaki, watakufa wao na hawa wa chini."

Alishika fito za fremu kwa mikono yote miwili. Sikungoja ruhusa. Nilichukua kisu cha kupasulia mianzi, nikakata makumbi kutoka ukingo hadi ukingo, nikapita ndani zaidi ya pale pamba ilipofika, nikaibeba nusu ile ikinichuruzikia maji kifuani, nikaenda kuitupa mbali, juani, upande wa chini wa bonde. Nikanawa mikono kwa maji ya chumvi. Niliporudi Shangazi alikuwa ameshazamisha nusu iliyobaki kwenye ndoo ya chumvi.

"Soma," akaniambia, bila kunitazama.

Nikasoma.

Mchana wa siku ya pili niliinamia karai nikadhani kope zangu zimedondokea majini. Kope nyembamba nyeusi, zinachezacheza. Kisha nyingine. Kisha karai zima likawa kope tupu, zinatetemeka, zinakimbilia gizani chini ya makumbi. Nilipiga ukelele, Shangazi akatoka jikoni na mwiko mkononi unaodondosha uji, akapiga magoti, akatazama kwa muda mrefu. Halafu akapiga vigelegele ambavyo, nina hakika, vilisikika stesheni ya Pugu. Bwana Gidioni alishangilia kwa lugha yao. Aliniinua juu, mie mtoto wa kike mkubwa, nikaona haya, lakini si sana.

Masika yakaisha. Mzee Pazi akaja na watu wa ukoo, na wapwa zake wakiwa na majembe begani kabisa. Shangazi aliwapeleka kwenye makarai. Vifaranga vilikuwa vimeanza kuota sharubu, lakini bado ungeweza kuviweka kadhaa juu ya ukucha wa kidole gumba.

Mpwa mmoja akacheka. "Hivi ndivyo samaki? Mie naona viluwiluwi. Mjomba, hebu tuanze kazi."

Mzee Pazi aliinama, akatia mkono ndani ya maji, akauacha humo mpaka vifaranga vikauzoea na kuuzunguka. Kofia haikutikisika. "Nilisema nini?" aliuliza.

"Ulisema samaki."

"Nilisema samaki waonekane. Sikusema waliwe." Akautoa mkono, akaukung'uta. "Mie nawaona. Kama wewe huoni, tatizo ni la macho. Rudisheni majembe."

Waliondoka. Nilifurahi kama askari. Tumemshinda, nilimwambia Shangazi, tumemshinda yule mzee, na kwa maneno yake mwenyewe! Shangazi aliniambia nikachote maji.

Bonde lile likawa la kambale miaka mingi. Watu walikuja na madebe kutoka Yombo, wengine kutoka mbali hadi Kimbiji, wakachukua vifaranga kwa ajili ya mabwawa na majaruba yao. Bwana Gidioni alihamishwa, akaoa kwao, akatuletea mkewe atuone. Mie nilikua, nikaolewa Temeke, nikazaa.

Mzee Pazi alipofariki nilikwenda matangani kwa ajili ya Shangazi tu. Hapo, mwanamume mmoja mwenye mvi, ambaye nilichelewa kumtambua kuwa ndiye yule mpwa wa majembe, alikuwa akisimulia habari za marehemu. Alisema mjomba wake alikuwa mtu wa hila. Ukoo ulishakubaliana, hata arobaini ya Mbonde haijafika, kwamba mjane arudishwe kwao na bonde ligawanywe. Mzee Pazi peke yake alikataa. Alipoona wamemzidi, akaomba kazi ya kwenda kumfukuza ifanywe na yeye mwenyewe, kwa masharti atakayoyaweka yeye. "Tulidhani ametuunga mkono," alisema yule mwanamume, akacheka. "Kumbe katununulia masika mazima."

Nilirudi kwa Shangazi mbio mbio. Alikuwa mzee sasa, ameketi barazani anachambua mchele. "Ulijua?"

"Tangu siku ile ya kwanza aliposema waonekane."

"Mbona hukuniambia? Miaka yote nimemchukia mtu wa watu!"

Shangazi alipepeta ungo wake, akapuliza makapi. "Wale wapwa walikuwa wakikutazama wewe, Tatu, si mie. Mtu mzima hujua kujifanya. Wakikuona unavyomnunia mjomba wao, wanasema, naam, mzee amekaza kamba. Ningekuambia, ungemkimbilia kumpokea kofia, na sie tungelala nje." Akaniwekea ungo mapajani nimsaidie. "Yeye mwenyewe aliniomba. Alisema, mwache mtoto anichukie, ananifaa."